Mama Twahiru na Maji ya Paka

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani hana haja ya kuulizia habari za jirani. Mashine yangu inakaa barazani, macho yako kwenye sindano, masikio yako njiani. Kwa hiyo anayetaka kunisahihisha katika mambo ya Mama Twahiru na aje na kiti chake tukae, maana nilikuwepo, na wengi wanaoyasimulia leo kwa sauti kubwa walikuwa wamefunga milango siku ile.

Nilipotoka Butembo nilipanga chumba katika kiwanja chake, Kyeshero, karibu na ziwa. Ndugu zangu hawakupenda. Walisema, Victoire, Mkatoliki mzima, umekosa nyumba zote za Goma hadi ukalale kwa Mwislamu? Nikawajibu kwamba paa lake halivuji, na lao linavuja. Nikakaa. Miaka ikapita, sikuota mkia wala pembe.

Jina lake mwenyewe ni Jamila. Baba yake alitoka Kasongo, kule Maniema, akifuata biashara ya vitambaa, akazeekea Goma na kuzikwa Goma. Yeye alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kusema kidogo na kukaanga sana. Kila alasiri aliweka karai lake mbele ya lango na kukaanga sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na harufu ilipofika kona ya njia watu wazima walianza kutafuta visingizio vya kupita. Alikuwa mjane. Alizaa mara moja tu, akamzaa Twahiru, dereva wa lori katika njia ya Rutshuru na Bunagana.

Twahiru ndiye aliyeleta paka. Ilikuwa mwaka 2012, kabla waasi hawajaiteka Bunagana. Alikuwa amekwama mpakani akingoja karatasi za mzigo, analala chini ya lori, na kitoto cha paka cha rangi ya chai ya maziwa kikaja kujilaza kifuani pake. Karatasi zilipotoka akakitia ndani ya shati na kukifikisha nyumbani. Akakiita Duane, ndivyo tunavyoiita forodha huku kwetu, kwanza kwa kuwa alikitoa huko, pili kwa kuwa hakuna kapu wala mfuko uliopita mlangoni bila paka huyo kuutia pua na kuukagua. Hata mimi nilikaguliwa kila siku nikitoka sokoni. Twahiru alicheka, akisema huyu ni mtu wa forodha anayelipwa sambaza.

Mwaka uleule vita vikaifunga barabara. Twahiru aliondoka asubuhi moja kwenda kuokoa mzigo uliobaki Rutshuru, na hakurudi. Lori lilionekana kando ya njia, limeungua. Yeye hakuonekana, hata kiatu chake. Waliotumwa kumtafuta walirudi kila mmoja na habari yake: huyu kasikia ametekwa, yule kasikia amevukia Uganda, mwingine alinyamaza tu akaangalia chini. Kaka yake Mama Twahiru, Muzee Mbaraka, alitaka isomwe hitima, watu walie, jambo liishe. Mama Twahiru akakataa. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona. Kuanzia hapo hadi siku nitakayoisimulia, sikuwahi kuona chozi lake.

Alingoja, na aliyengoja naye alikuwa Duane. Zamani Twahiru alikuwa akipiga honi jioni akifika kona, na paka alitoka mbio hadi langoni. Honi ilinyamaza, lakini paka hakuacha. Kila jioni alikwenda kukaa pale, mkia ameuzungushia miguu, uso njiani, hadi giza liingie. Mama Twahiru alinionyesha siku moja, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Batu bote bameshachoka. Tumebakia babili."

Wawili hao ni yeye na paka. Nikaendelea kushona. Basi ukitaka kujua kwa nini mwanamke mwenye akili zake alikubali kugombana na mtaa mzima juu ya paka, jibu ni hilo. Hapakuwa na kiumbe kingine duniani kilichokuwa bado kinamngoja mwanawe.

Sasa nije kwenye maji. Mama Twahiru alipotaka kuswali alichota maji kwenye bakuli akatoka nayo uani. Duane akija, alimwinamishia bakuli, akamwacha anywe hadi atosheke, kisha kwa maji yaleyale akatawadha: mikono, mdomo, pua, uso. Mara ya kwanza nilishtuka, na kwa kuwa mdomo wangu hauna pazia nikamuuliza. Akanieleza kwamba baba yake alimfundisha hivyo. Paka si najisi, Mtume mwenyewe alisema ni katika wale wanaotuzunguka majumbani, na maji aliyoonja paka ni safi kwa udhu. Angekuwa mbwa, angeyamwaga. Nikasema haya, kila dini na mambo yake, sisi nasi tuna maji yetu ya baraka. Lilikuwa swali moja na jibu moja, likaisha.

Lakini Marcelline hakuuliza. Marcelline alikaa ng'ambo ya ukuta wetu mfupi wa mawe ya volkano. Ni mtu wa kwetu kabisa, Mnande kutoka Lubero, akiishi na mwanawe Guylain, mwendesha pikipiki, na binti mdogo wa Guylain aitwaye Charline, ambaye mama yake alifariki akimzaa. Marcelline aliliona bakuli kwa macho yake, na alichokiona akakipima kwa kipimo cha bibi yake. Bibi huyo alimfundisha kwamba wawili wakinywa chombo kimoja, mmoja akimwachia mwenzake, wamefunga agano: siri ya huyu ni ya yule, na njaa ya huyu ni ya yule. Kwa watu ni jambo jema, ndivyo walivyopatanishwa wagomvi nyumbani kwao. Sasa mwanamke anayefunga agano hilo na paka, kila akienda kuswali, miaka na miaka, anatafuta nini? Hilo ndilo Marcelline alilojiuliza akianika nguo, na ndilo alilowauliza wenzake kwenye chumba cha maombi. Kila mmoja alijibu alivyoweza. Hakuna aliyeruka ukuta mfupi kiasi kile kwenda kumuuliza mwenyewe.

Aliyeruka ukuta ni Charline. Alikuja kila alasiri, akaketi na Duane mbele ya karai, sambaza moja yake, moja ya paka. Bibi yake alipomwita alirudi, lakini baada ya kushiba. Maneno yalikuwa maneno tu, na maneno hayavunji mfupa.

Kisha mlima ukapasuka. Jumamosi moja ya Mei 2021 anga likawa jekundu juu ya Nyiragongo, lava ikashuka, ikameza nyumba za upande wa Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Kyeshero haikufika. Lakini ardhi ilianza kutetemeka mchana na usiku, kuta zikachanika, na asubuhi moja ilipotangazwa kwamba sehemu ya mji ihame, hata sisi ambao hatukutajwa tulifunga mizigo. Nani angengoja kutajwa? Mji mzima ukaingia njia ya Sake.

Mama Twahiru alitoka na Duane mgongoni, amemfunga kwa kitenge, kichwa tu kinachungulia begani. Godoro aliliacha, masufuria aliyaacha. Watu walicheka, hata siku ile. Mmoja alisema bibi huyu amejaliwa mtoto uzeeni. Guylain alikuwa amekwama upande wa pili wa mji na pikipiki yake, kwa hiyo Marcelline alikuwa peke yake na furushi kichwani, magoti mabovu, na Charline aliyechoka akijitupa chini kila baada ya hatua chache. Tulipoyapita makazi ya mwisho Marcelline akashindwa. Akamwambia Mama Twahiru amtupe mnyama huyo, ambebe mtoto wa mtu.

Mama Twahiru alifungua kitenge, akamhamishia Duane kifuani, akainama, Charline akapanda mgongoni, akazungusha kitenge kilekile juu ya wote wawili na kufunga. Alikuwa amepita miaka sitini. Akatembea hadi Sake bila kumtua hata mmoja. Charline alilala, mkono wake umepita begani, umeshika sikio la paka. Mimi nilikuwa nyuma yao na kichwa cha cherehani juu ya kichwa changu mwenyewe, na nilijiambia kwamba hata Marcelline sasa ataona. Marcelline aliona. Aliona mjukuu wake na paka wamefungwa katika kitenge kimoja.

Tuliporudi Goma mabomba yalikuwa makavu, lava ilikuwa imeyakata. Watu wa Kyeshero tukawa tunashuka ziwani na mabidoni, yale madumu ya njano. Wenye makaa walichemsha maji, wenye kiu walikunywa hivyohivyo. Mama Twahiru alichemsha yake, akaendelea kumwinamishia Duane bakuli uani kama siku zote. Sasa hata wale waliokuwa hawajali walichukia. Walisema watoto wa watu hawana maji na paka anatangulizwa. Nilimshauri amnyweshe ndani, mlango umefungwa. Akaniambia yeye si mwizi, na mtu anayejificha kwa jambo la halali ameshakubali kwamba ni haramu. Alikuwa mbishi, simkatalii mtu hilo.

Kabla wiki haijaisha Charline akaanza kuhara na kutapika, macho yakazama. Marcelline hakuanzia kwa daktari. Alimpeleka kwenye chumba chake cha maombi, ambako mtu mmoja aliyejiita nabii alifumba macho akaona kitambaa, na ndani ya kitambaa mnyama. Haikuwa kazi ngumu, maana Marcelline alikuwa amekwisha kumsimulia safari ya Sake. Guylain ndiye aliyemnyakua mwanawe pale na kumkimbiza hospitali kwa pikipiki. Huko walisema ni kipindupindu, ni maji ya ziwa, wakamtundikia serum, yaani dripu. Guylain mwenyewe alitueleza hivyo langoni, tena kwa ufasaha. Lakini mtu mwenye hofu huamini mambo mawili kwa pamoja, na Guylain, ambaye alishamzika mke, alikuwa na hofu ya kumtosha mtu yeyote.

Papa Mirindi, shefu wa avenue yetu, yaani mkuu wa mtaa, mwalimu wa zamani asiyependa kelele, akatuita uani kwake. Marcelline akaeleza yote: bakuli, kitenge, nabii. Mama Twahiru alipoulizwa, akaeleza habari ya udhu kwa maneno machache yaleyale aliyoniambia mimi. Nami nikasimama nikasema kwamba daktari ametaja maji ya ziwa, hakutaja maji ya bakuli, na kwamba mtoto yule angebaki kando ya njia kama si mgongo wa mwanamke huyu. Wakaniambia nikae, mpangaji hutetea paa lake.

Tumaini langu lilibaki kwa Muzee Mbaraka. Alianza vizuri. Alithibitisha kwamba dini inasema hivyo kweli, akataja na kitabu, hata Papa Mirindi akaanza kutikisa kichwa kukubali. Kisha mzee wa watu akaharibu. Alimgeukia dada yake akamwambia ni paka tu, ampe mtu amchukue mbali, watu wapate kulala. Ndipo nilipojua kwamba hata kaka yake wa tumbo moja alielewa maji, lakini paka hakumwelewa.

Papa Mirindi alisema hana njia nyingine: mmoja atoke katika avenue, paka au mwenye paka. Mama Twahiru aliangalia mikono yake yenye makovu ya mafuta, halafu akasema:

"Muzee, mi siwezi kutoka. Mutoto wangu akirudia, ni hapa ataulizia. Na huyu paka nayo siwezi kumutoa. Ni yeye peke yake anamungojaka na mimi."

Hakuna aliyecheka. Papa Mirindi alijikuna shingo, akatafuta katikati: paka afungiwe ndani hadi Charline apone, baadaye tutaona. Tukakubaliana hivyo, Guylain naye akakubali. Mama Twahiru akapigilia mbao dirishani kwa mikono yake. Jioni ilipofika saa ya kwenda langoni, Duane alikwaruza mlango kwa ndani, na sote katika kiwanja tulisikia. Mama Twahiru aliegemea mlango ule kwa nje, akamwambia taratibu kwamba atulie, leo yeye atangoja kwa niaba ya wote wawili. Nikaingia chumbani kwangu nikalia, mimi ambaye paka si wangu na mtoto si wangu.

Asubuhi moja Mama Twahiru aliposhuka ziwani, Guylain alifika kutoka hospitali na vijana watatu. Hakuwa amelala. Charline alikuwa amekesha vibaya, na Marcelline alikuwa amemwambia mwanawe kwamba atamzika binti kama alivyomzika mke, kwa sababu ya woga wake. Wakang'oa mbao. Niliacha mashine nikamshika Guylain shati hadi likachanika, shati ambalo mimi mwenyewe nilimshonea. Mmoja wao akanibana mikono kwa nyuma.

Walikuja na fimbo na mawe kwa kudhani watamkimbiza paka kiwanja kizima. Haikuwa hivyo. Duane alimjua Guylain tangu alipokuwa kijana wa kula sambaza za bure. Alitokea dirishani, akaruka chini, akaja moja kwa moja hadi kwenye mfuko ambao Guylain alitoka nao hospitali, akatia pua na kuanza kuukagua. Guylain alisimama na jiwe mkononi. Nilidhani ataliacha. Nyuma yake mtu akasema jambo, sikulisikia vizuri, nikamwona Guylain anafumba macho, kisha akapiga.

Sitasema zaidi hapo. Mama Twahiru alirudi na bidoni mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Aliona watu wanavyotawanyika, akaona dirisha. Alitua bidoni polepole ili maji yasimwagike. Aliniuliza jambo moja tu, kama paka alilia. Nikamwambia hapana. Mungu aliandike jibu hilo anavyotaka.

Goma huchimbi kaburi kwa jembe. Chini ya udongo kidogo ni mwamba mweusi, na mwamba unataka mtaimbo. Tulichimba nyuma ya jiko, mimi na yeye kwa zamu, hadi alasiri. Shimo lilipotosha akaingia ndani, nikasikia sanduku linafunguliwa, akatoka na kitambaa cheupe kilichokuwa bado na mikunjo ya dukani. Nilidhani ni shuka. Lakini mimi kitambaa nakipima kwa jicho, na nilipokikunjua nikaona ni vipande vitatu, urefu wa mwanamume. Ilikuwa sanda. Aliinunua mwaka ule wa lori, akaiweka, ili Twahiru akipatikana, saa yoyote, asilale akingoja kitambaa. Katika miaka yote ya kusema kwamba mwanawe atarudi kwa miguu yake, sanda ilikuwa ndani ya sanduku.

Nikachukua mkasi nikate kipande kidogo cha kumtosha paka. Alinishika mkono.

"Usikate, Victoire. Mufunge yote."

Muzee Mbaraka alikuwa amefika, akaona tunachofanya, akakasirika. Alisema sanda ni ya mtu, mnyama havishwi sanda, hilo halimo katika dini yao. Dada yake hakubishana naye juu ya dini. Alimuuliza tu, "Na mutu wangu iko wapi, kaka?" Mzee akaenda kukaa kwenye mawe.

Tulimzungushia Duane kitambaa chote, mzunguko juu ya mzunguko, akawa bunda kubwa kuliko mtoto mchanga. Mama Twahiru akashuka akamlaza mwenyewe. Tuliporudishia mawe na udongo, aliketi palepale chini, na hapo ndipo nilipomsikia akilia. Hakumtaja Duane. Alimwita Twahiru. Alisema Twahiru mwanangu, Twahiru wangu, nimechoka, unisamehe, nimechoka. Miaka tisa ilimtoka alasiri moja. Muzee Mbaraka alifunika uso kwa kofia yake na kulia naye, na ile hitima aliyoitaka zamani ikawa ndiyo hiyo, bila ubani na bila watu. Nilielewa kwamba amekwisha kukubali. Peke yake hakuweza kuendelea kungoja.

Upande wa pili wa ukuta nao walikuwa wanasikiliza. Wakaona kitambaa cheupe, wakaona kaburi, wakasikia jina la mtu. Kesho yake Charline akarudi nyumbani, amekonda lakini anatembea kwa miguu yake, na avenue ikajumlisha: paka amekufa, mtoto amepona. Serum iliyoingia mshipani siku zote zile hakuna aliyeikumbuka. Nilimwambia Marcelline kwamba akitaka kushukuru akawashukuru manesi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama kipofu.

Na kama paka aliyekufa amemponya mtoto, basi hakuwa paka. Ndivyo walivyoendelea. Wengine walisema Twahiru hakupotea hata kidogo, mama yake alimfungia ndani ya mnyama. Wengine walikuja na baya zaidi. Katika zile mbio za volkano watoto wengi walipotea, majina yao yalikuwa bado yanasomwa redioni, na sasa hapa kuna bunda la ukubwa wa mtoto lililozikwa nyuma ya jiko na mwanamke aliyekuwa akimlilia mtu. Vijana wakaanza kutaja petroli. Papa Mirindi akaja kuniambia kwamba ni afadhali kaburi lifunguliwe mchana, mbele ya watu wote, kwa utulivu, kuliko nyumba ichomwe. Nilimjibu kwamba ndivyo waoga wanavyosema wakitaka kutenda la aibu kwa utaratibu. Hakukasirika. Alisema yawezekana ni kweli, lakini nyumba itakuwa imesimama.

Walikuja asubuhi, kiwanja kikajaa. Mama Twahiru aliambiwa, akasema wafanye, akaingia jikoni. Guylain ndiye aliyeshika mtaimbo, sijui walimlazimisha au alijilazimisha. Marcelline alisimama ukutani na rozari, amemfunga Charline mgongoni. Mawe yakaondolewa moja moja. Bunda likatolewa, likawekwa juu ya lava, na Papa Mirindi akamwashiria Guylain afungue.

Akafungua. Kitambaa kilitoka, kikatoka tena, kikaendelea kutoka. Kilitandazwa juu ya mawe kuanzia jikoni hadi karibu na ukuta, na bado kilikuwa kinatoka, na waliokuwa wamesogea mbele wakaanza kurudi nyuma ili wasikikanyage. Mwishoni kabisa kulikuwa na paka mdogo wa rangi ya chai ya maziwa, kichwa kimevunjika. Hapakuwa na kitu kingine. Papa Mirindi alikitazama kile kitambaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, akitembeza macho kama mtu anayesoma, na nikaona amejua kilipimwa kwa urefu wa nani. Akavua kofia. Marcelline aliacha kuhesabu rozari.

Mama Twahiru akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kitenge. Hakulia tena. Alimwangalia Guylain, aliyekuwa amepiga magoti na ncha ya sanda mkononi, hajui aiweke wapi.

"Mukimaliza kuangalia, mumurudishe vile mulimukuta," alisema. "Na mufanye polepole, kitambaa kisichafuke. Ile ilikuwa ya mutoto wangu. Sina ingine."